Jaribio la Chombo Kitupu

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama, si kitandani na yale mafua yako yasiyoisha. Huku tu wazima. Mama anakusalimu na analalamika kwamba umezidi kukaa kimya. Nimemwambia masikio yaliyokaa miaka ishirini na mbili kando ya kompresa za kiwandani hayawezi kusikia simu, kwa hiyo akuandikie kama mimi. Amesema mkono unamuuma. Magoti nayo yanamsumbua, ila ulimi uko palepale. Juzi alimgombeza fundi bomba mpaka akaondoka bila spana yake, na hajairudia hadi leo.

Mimi nimechoka, Mjomba. Siumwi, nimechoka tu, uchovu wa kuamka nao. Lakini mwisho unaonekana: Profesa amepanga nitetee tasnifu tarehe kumi na nne Septemba. Miaka mitatu na nusu! Baada ya hapo ukoo utakuwa na madaktari wawili, maana wewe walishakupa udaktari kiwandani kwa kuosha vyombo vya maabara. Daktari wa Masufuria, sijasahau.

Uliniomba nikueleze kazi yangu kwa lugha ya binadamu. Kiwandani kwenu mlikuwa mnachukua ethilini, gesi ileile inayoivisha matunda, mnaiweka pamoja na kaboni monoksaidi na methanoli, mnapata esta ya kutengenezea plastiki inayong'aa kama kioo. Gesi hizo mbili zikiachwa peke yake hazijuani. Mlitia paladi iwe kichocheo, na paladi ni madini adimu. Mimi nimeweka chuma mahali pa paladi. Chuma hiki cha misumari! Nimekipa fosfini, kemikali zilezile za kushikilia kichocheo mlizokuwa mnaipa paladi yenu, na esta imetoka. Tumeshaichapisha kazi kwenye jarida na watu wanatuandikia kutoka kila upande.

Sasa kuna jambo dogo. Kazi yote nimeifanyia ndani ya chombo namba nne, kile cha lita mbili ambacho kiwanda chenu kilitugawia kilipofungwa, kile ulichokiosha mwenyewe. Desemba chuo kilinunua kipya. Ndani ya hicho kipya chuma changu hakifanyi lolote. Nimejaribu mara sita, mara zote sifuri. Tena kuna dada mmoja wa chuo kingine, mwanafunzi kama mimi, anajaribu kurudia kazi yangu tangu mwaka jana na hapati kitu. Ameniandikia mara nne. Msimamizi wake ameanza kumwona mzembe.

Wewe unavijua vyombo kuliko sisi wote hapa. Nianze kukagua wapi?

Mpwa wako


27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba sana, na pole kwa uchovu. Mwambie dada yangu mkono unaomuuma kuandika mbona haujamuuma kumtisha fundi bomba. Mimi sijambo. Kikohozi kidogo, vumbi la hapa. Huku kwenye yadi ya mitungi ya gesi kazi ni ileile: naletewa mtungi, naukagua nje na ndani, naujaza maji kwa presha, ukivumilia nasaini lebo, unaondoka. Bosi wangu ni mama mmoja asiyecheka hata ukimtekenya, lakini wiki iliyopita nilimsikia akimwambia mteja kwamba mtungi wenye sahihi yangu hauangaliwi mara ya pili. Nilijifanya sijasikia. Kwa masikio haya si kazi ngumu.

Unaandika eti paladi "inaziunganisha" gesi. Hivyo ndivyo wanavyosema watu wa vitabuni. Sisi tuliokaa naye tunamjua tabia. Paladi ni kibarua mwenye mikono michache. Fosfini ni wapambe wake, wamemshika mikono miwili na hawamwachii. Anaanza kazi akiwa na haidrojeni moja tu. Akija ethilini, paladi anamkamata pale kwenye kile kiungo chake cha maradufu, maana ukoo wake wote, unaoitwa olefini, una kiungo hicho na ndipo penye udhaifu wao. Anamkabidhi ile haidrojeni, na ethilini anaganda kwake. Hapo kaboni monoksaidi, ambaye hana rangi wala harufu na ndiye aliyekuwa anatutia hofu siku zote, anajipenyeza katikati, kati ya paladi na mzigo wake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukimwachia nafasi, paladi atachukua ethilini mwingine, kisha kaboni monoksaidi mwingine, zamu kwa zamu, mpaka akutengenezee mnyororo mrefu wa plastiki usiouhitaji. Ndiyo maana wapambe wanatakiwa wawe wanene. Wakiwa wanene wanambana, hapati nafasi ya kuongeza, na methanoli inawahi, inakata, inaondoka na mzigo. Hiyo ndiyo esta yako. Paladi anabaki na haidrojeni moja kama alivyoanza, anageuka, anashika mwingine. Maelfu kwa maelfu kwa saa.

Ila naye huchoka. Wapambe wakimwacha, paladi hukimbiliana wenyewe kwa wenyewe, wanashikana wanakuwa masizi, wanatua kwenye kuta. Tulikuwa tunasema amevaa nyeusi. Unafungua chombo unakuta ndani kumepakwa kama sufuria ya kuni. Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa inaanzia. Basi, hayo ni ya zamani.

Kagua gasketi. Kagua valvu ya chini, huwa inavuja kimyakimya. Chombo kipya huja na mafuta ya huko kilikochongwa, kisugue. Na ubadilishe methanoli, huenda imeingia maji.

Usisahau kula.

Mjomba wako


30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kikohozi cha vumbi gani hicho kinachodumu miaka mitatu? Mama ameniambia nikuulize kwa maneno hayohayo. Yeye hajambo, amepata dawa ya kuchua na nyumba nzima inanuka karafuu. Spana ya fundi tumeifanya ya kuzuia mlango.

Nimefanya yote uliyosema. Gasketi mpya, valvu mpya, methanoli mpya. Kile chombo kipya nimekisugua mpaka najiona meno. Sifuri.

Kisha nikafungua madaftari yangu ya nyuma, nikakuta kitu nilichokuwa nakiona bila kukitazama. Ndani ya chombo chenu, mwaka wa kwanza nilikuwa napata esta tisini kwa mia. Mwaka wa pili themanini. Mwaka jana sitini na nne. Mwezi huu hamsini na mbili. Chuma kinatoka kwenye chupa ileile, gesi ni zilezile, mikono ni ileile. Kila nikikisafisha baada ya kazi, kesho yake kinafanya kazi kidogo kuliko jana. Nilijiambia kifaa kinazeeka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ulimfikisha paladi ukutani akiwa amevaa nyeusi, ukaniambia hapo ndipo kazi yako ilipoanzia, halafu ukarukia gasketi. Wewe, Mjomba, uache katikati habari ya kuosha chombo? Wewe uliyewahi kutueleza kuosha chombo kimoja kuanzia chai mpaka chakula cha mchana?

Nimeitoa kabatini kadi iliyokuja na chombo. Imeandikwa: "Namba nne. Asidi ya naitriki, moto, mara tatu. Jaribio tupu: safi." Chini yake sahihi yako yenye mkia. Na mimi lazima nikwambie la kwangu. Chombo chochote kikiingia maabara yetu kinafanyiwa jaribio tupu hata kama kina kadi. Unaweka kila kitu, gesi, methanoli, fosfini, tone la asidi, vyote isipokuwa kichocheo. Unapasha moto kwa saa nne. Ikitoka esta, jua chombo kina uchafu. Siku kilipofika, fundi wetu wa maabara alitaka tulifanye. Nikamwambia kwa majivuno yote, "Hicho ameosha mjomba wangu." Tukacheka. Hatukulifanya.

Nakuuliza tu. Zilikuwa mara tatu?

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa, nilikuwa kitandani siku kadhaa, haya mafua. Sasa nimeamka.

Barua yako ya mwisho ilikuwa kama ya askari wa upelelezi. Tangu lini mjomba anahojiwa? Kadi imeandikwa kilichoandikwa. Siku za mwisho za kiwanda zilikuwa na vurugu, watu wanabeba viti, wanabeba madirisha, siwezi kukumbuka kila sufuria. Na hao wanaoshindwa kurudia kazi yako, wengine mikono yao ni mizito tu, nimewaona wengi. Usiwachukulie mzigo wao.

Mwambie dada yangu asichue magoti wakati wa baridi bila kuyafunika. Huku mvua imeanza, paa la yadi linavuja juu ya meza yangu na nimeihamishia kwenye kona. Bosi amenipa koti.

Mjomba wako


24 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo.

Yule dada ameacha masomo. Alinitumia barua fupi ya kuaga. Ameandika, "Hongera kwa kazi yako, nadhani mimi sikuumbwa na mikono ya maabara." Ameishika kazi yangu miezi kumi na minne. Mikono mizito, ulisema. Nilipolisoma neno lako tena baada ya barua yake niliona haya kwa niaba yako.

Unasema hukumbuki kila sufuria. Mjomba, wewe unakumbuka chombo namba mbili kilipata mkwaruzo mwaka gani na nani aliyekidondosha.

Jaribio tupu naweza kulifanya kesho asubuhi. Ni kazi ya saa nne tu, na kila kitu kipo mezani. Kila siku nafika maabara nimeamua kulifanya, na kila siku napata kazi nyingine ya haraka. Juzi nilipanga upya chupa zote kwa alfabeti. Naogopa, huo ndio ukweli. Nikiliona jibu sitaweza kurudi kuwa mtu ambaye hajaliona.

Niandikie neno moja tu. Niandikie "niliosha", nami nitaamini, nitatafuta sababu kwingine.

Mpwa wako


20 Juni

Mpwa wangu, binti yangu,

Sikuosha.

Nimeandika neno hilo kwenye karatasi tatu na kuzichana. Hii ya nne haichaniki, ni ya mwisho kwenye daftari.

Kiwanda kilipotangaza kufungwa, waliamua kugawa vyombo saba. Kila kimoja kilitakiwa kichemshwe na asidi mara tatu ili masizi ya paladi yaondoke kwenye kuta. Asidi ile ikipata moto inatoa moshi wa kahawia, na moshi huo hauvutwi. Feni ya kuutoa nje ilikuwa imeungua mwezi mzima kabla. Niliomba itengenezwe. Wakaniambia mtu hatengenezi feni ya nyumba anayoihama. Basi nikafungua madirisha, nikafunga kitambaa cha maji usoni, nikaosha. Viwili kwa siku. Siku ya tatu, baada ya chombo cha sita, nilikaa ngazini nikashindwa kusimama. Nilitema povu lenye damu. Mganga wa kiwanda akaandika "mafua", maana angeandika kingine wangeuliza feni iko wapi. Tangu hapo mnayaita mafua nami nayaita mafua.

Nilirudi baada ya wiki. Kilikuwa kimebaki kimoja, namba nne. Nilikiweka mezani, nikashika chupa ya asidi, nikaifungua kifuniko. Harufu ilipopanda kifua kilifunga. Nilisimama pale sijui muda gani. Mwishowe nikafunga chupa, nikakisuuza chombo kwa methanoli, nikakipangusa kwa kitambaa, nikajaza kadi. Mara tatu. Safi. Sikufanya jaribio wala nini. Kwa miaka ishirini na mbili kadi ya uongo ni hiyo moja tu, na nilijua inakwenda chuo chako. Nilijiambia mtakifanyia jaribio tupu, kwa sababu kila mtu hulifanya. Sikujua kwamba jina langu ndilo litakalowazuia.

Uliponiandikia Februari nilijua kabla sijageuza ukurasa. Masizi yale hayajafa, mpwa wangu. Ukiyapa fosfini na tone la asidi, ukayapasha moto, kidogo kinayeyuka, kinapata wapambe, kinarudi kazini. Kidogo kisichoonekana kwa macho kinatosha, ndivyo paladi alivyo. Kila ulipokisafisha ulimpunguza, ndiyo maana esta ikapungua. Chuma chako hakijafanya kazi hata siku moja. Miaka yote hiyo ilikuwa paladi yetu.

Badala ya kukwambia nilikuandikia habari za gasketi. Na yule dada nikamtukana mikono. Hilo linaniuma kuliko la kadi.

Lifanye jaribio. Kuhusu kifua, mama yako asijue.

Mjomba wako


12 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita Juni.

Jaribio nilishalifanya tarehe tisa Juni. Sikuingoja barua, kimya chako kilitosha. Niliweka kila kitu isipokuwa chuma, nikafunga, nikapasha moto, nikakaa kwenye kigoda kwa saa nne nikiangalia mkono wa geji. Presha ikaanza kushuka baada ya dakika ishirini. Gesi zilikuwa zinatumika, na ndani hamkuwa na kichocheo changu. Nilipofungua, ile harufu tamu ya esta ilinipiga usoni kabla sijapima chochote. Arobaini na tisa kwa mia. Sikulia. Nilisafisha meza nikaenda kwa Profesa.

Aliniuliza, "Ulijua tangu lini?" Ndilo swali lililobaki mpaka sasa. Makala tumeomba iondolewe kwenye jarida. Lakini madaftari yangu yanaonyesha esta ikipungua mwaka wa pili, na watu wanasema mwenye akili timamu angeshtuka. Kamati ya chuo inakaa tarehe kumi na tisa Agosti, saa tatu asubuhi. Ikiona nilikosea, ninaanza upya, miaka miwili mingine. Ikiona nilijua nikaficha, nafukuzwa na sitapokelewa chuo chochote. Wameniuliza kwa nini sikufanya jaribio tupu mwanzoni. Nimejibu ni uzembe. Kadi sijawaonyesha. Fundi wetu wa maabara alihamia kazi nyingine na hajulikani aliko. Kadi iko kwenye mkoba wangu.

Nimekukasirikia, na sitakuficha. Siku kadhaa nilikuwa natembea barabarani nakugombeza kwa sauti, watu wananipisha. Si kwa kutoosha. Ni kwa kuniacha nimwandikie yule dada kwa upole kwamba ajitahidi zaidi, na wewe unajua. Nimemwandikia sasa, nimemweleza yote na kumwomba msamaha. Hajajibu.

Halafu wiki iliyopita nilikiosha chombo. Mwenyewe, mara tatu, feni inavuma, barakoa kamili usoni, nimesimama nyuma ya kioo. Moshi ulipopanda ukiwa wa kahawia nilirudi nyuma hatua tatu bila kupanga. Wewe uliviosha vyombo sita ukiwa na kitambaa cha maji tu usoni. Hapo hasira yangu ilikosa pa kukaa, ingawa haijaisha.

Sasa nisikilize. Usiwaandikie kamati. Nakujua, usiwaandikie. Kazi yako ya mitungi ni sahihi yako tu, wakisikia habari ya kadi utatolewa siku hiyohiyo, na kwa kifua hicho hutapata nyingine. Mimi bado kijana, nitajua pa kwenda.

Mama nimemwambia kuhusu kifua. Samahani. Alilia, kisha akakutukana matusi ambayo sikujua anayajua, kisha akauliza kama una blanketi zito.

Mpwa wako


3 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Blanketi ninalo, mwambie. Na matusi ayaweke, atanipa mwenyewe.

Barua ya kamati nimeituma kabla sijaanza hii, kwa rejista, na risiti ninayo. Kwa hiyo usipoteze karatasi kunigombeza. Nimewaeleza feni, vyombo sita, na cha saba. Nimewaambia kadi ni ya uongo na aliyeiandika ni mimi, na kwamba unayo mkobani na unaificha kwa kunionea huruma. Itoe uwape. Ukiwaambia ni uzembe wako wakati kadi unayo, hapo ndipo utakapokuwa umeficha kweli, na sitaki uanze uongo ukubwani kwa ajili yangu.

Nakala nilimpelekea bosi. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Akaniuliza, "Na mitungi yangu je?" Nikamwambia mitungi yake niliikagua yote, ila sasa hana sababu ya kuniamini. Basi tuliikagua upya ile iliyobaki yadini, mia moja na arobaini, mimi nasukuma yeye anapima. Siku sita. Haukupatikana hata mmoja mbovu. Hata hivyo nimeondoka kazini, na haki iko upande wake. Koti amekataa nilirudishe.

Yule dada akijibu, niandikie anwani yake. Nina maneno yangu mwenyewe ya kumpa, hayapitii kwako.

Tarehe kumi na nane nitapanda basi la asubuhi, jioni nitakuwa kwenu. Sitaki waisome tu barua yangu na kuiweka kwenye faili. Nataka waniulize wanachotaka kuniuliza huku wananitazama. Nimeshakata tiketi.

Niambie kitu kimoja tu kabla sijaondoka. Chumba chao kiko ghorofa ya ngapi? Kama ni juu na hakuna lifti, nitakuja saa moja kabla nianze kupanda taratibu.

Mjomba wako